Pompeii ya mabwana tu?

"Hapa walikuwa wanaoka mikate. Haya, twendeni." Basi, imeisha hiyo. Mwongoza watalii wetu alikuwa anawahi foleni ya danguro, na kundi zima likamfuata huku linachekacheka.

Mimi nikabaki. Mara ya kwanza kufika Pompeii, mji wa kale wa Kirumi huko Italia uliofukiwa na volkano, nilikimbizwa hivyo hivyo. Safari hii nikasema sikimbizwi na mtu. Mawe ya kusagia yamesimama uani, ya volkano, meusi, membamba kiunoni. Ubavuni kuna tundu la mraba la kuchomekea boriti. Anayeisukuma, awe punda au binadamu, anazunguka palepale kutwa kucha. Desemba 2023 kilitangazwa kiwanda kingine cha mikate kilichofukuliwa mjini humo: chumba finyu, vidirisha vya juu vyenye nondo, hakuna pa kuchungulia nje, na sakafuni vimechongwa vishimo vya kuwapanga punda mwendo. Watumwa na punda wamefungiwa pamoja. Huo ndio mji tunaousifia barabara na mabafu!

Ndugu zangu wa Unguja nisaidieni. Pale Mkunazini, soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, mtalii huyuhuyu wa Ulaya akifika mbele ya zile sanamu za minyororo anakunja uso, sauti inashuka. Vizuri, na ishuke. Mbona akienda kwa Warumi huzuni yote inamwisha? Au utumwa ukishapita miaka elfu mbili unageuka pambo?

Najua nitakavyojibiwa: utumwa wa Kirumi haukuwa wa rangi, na mtumwa aliweza kuachwa huru akatajirika. Haya, nakubali, shingo upande. Conviva na Restitutus, wenye ile Nyumba ya Vettii iliyofunguliwa tena Januari 2023, inaaminika walikuwa watumwa walioachwa huru, na kwa michoro ile ya ukutani, pesa walikuwa nazo. Lakini mlangoni kwao kuna maneno yamekwaruzwa: Eutychis, Mgiriki, mwenye tabia nzuri, asi mbili. Asi ni sarafu ndogo ya Kirumi, na hiyo ni bei ya kulala naye. Tangazo la kilabu kimoja cha mjini humo linasema asi moja unakunywa, ukitoa mbili unapata divai iliyo bora kidogo. Bei ya mtu na bei ya kikombe, sawasawa. Hilo mwongozaji wetu hakuligusa. Alituonyesha bustani.

Wanaopiga selfi na miili ya plasta, ile ya watu waliouawa na volkano, sina la kuwaambia, Mungu anawaona.

Mnaopanga kwenda, kateni tiketi mapema: tangu Novemba 2024 zinaandikwa jina na wageni hawazidi 20,000 kwa siku. Na mkifika kwenye foleni ya danguro, kabla hamjaanza kucheka, muulizeni mwongozaji wenu, kwa sauti kundi zima lisikie, wale wanawake walikuwa mali ya nani.