Daftari la kikundi liingie darasani

Wiki nane za fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, nikiwa mwaka wa pili wa uhasibu, ziliishia kwenye mashine ya fotokopi. Siku ya mwisho msimamizi alisaini logibuku, daftari la kazi za kila wiki, yote kwa mkupuo, kuanzia wiki ya kwanza hadi ya nane, kwa kalamu ileile. Nikapewa A, na hadi leo inaniuma.

Kipindi hicho nilikaa kwa shangazi, na kila Jumamosi kikundi chao cha VICOBA, cha kuweka akiba na kukopeshana, kilikutana uani. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanazo kina mama watatu tofauti. Hisa zinahesabiwa kwa sauti, faini za kuchelewa zinatupwa kwenye bakuli, mfuko wa jamii unawekwa pembeni. Mweka hazina wao aliishia darasa la saba, lakini deni la kila mtu alikuwa nalo kichwani. Tatizo lilikuwa daftari: marejesho na riba vyote safu moja, basi siku ya kugawana ni ugomvi. Shangazi akaniita, "Mwanangu, si ndiyo unayosomea haya? Hebu kaa hapa." Kutenganisha riba na mkopo kulinichukua Jumamosi tatu, na hapo ndipo nilipoelewa somo nililokuwa nimelifaulu kwa kukariri.

Kwa hiyo naomba vyuo vyetu: kazi ya kujitolea mtaani iwe ndani ya somo lenyewe, mwalimu aisimamie, ihesabiwe kwenye alama za mazoezi. Siku moja ya kufagia hospitali na kupiga picha za fulana haitoshi. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na Azimio la Musoma la 1974 likataka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu. Sitamani utaratibu ule urudi, maana ulidai hadi barua ya chama tawala, ila kiini chake nakikubali.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitaka vikundi hivi visajiliwe, na kina mama wanahangaika kutafuta wa kuwaandalia makaratasi. Wakati huohuo wanafunzi wamejifungia darasani wakisawazisha hesabu za kampuni ya kubuni. Madeni ya watu ni siri, kweli, na mwanafunzi huondoka muhula ukiisha. Ndiyo maana mwalimu lazima awepo, na kikundi kilekile kirithishwe mwaka hadi mwaka.

Juzi shangazi aliniuliza kama chuo kinaweza kumpatia kijana mwingine. Sikuwa na ofisi ya kumwelekeza.