Pini Nane

Bahasha yangu ya mashindano ilikuwa na namba 84, iliyochapwa kwenye plastiki nyembamba, pamoja na pini nane, zile za kufungia nepi za kitambaa. Kwa wiki tatu nilikuwa nimeogopa kila kitu kuhusu mbio zangu za kwanza za baiskeli: kona, magurudumu kugusana, kuachwa na kundi. Pini sikuziogopa hata dakika moja.

Mzee wa klabu yetu alizijua. "Kijana, vua jezi kwanza. Itandaze. Tia mkono mfukoni ndipo uchome, ili pini ishike kitambaa cha juu peke yake. Vile vitundu vya pembeni mwa namba usivitumie, vitachanika. Choma namba, okota kitambaa, rudi utokee juu ya namba. Ukingo unaotazama upepo uupe pini tatu, usije ukapepea kama bendera."

"Nimekuelewa, Mzee."

Na kweli nilikuwa nimemwelewa, ila nilijiona nina mambo mazito zaidi. Nilikuwa na magurudumu ya kujaza. Tairi zangu ni za milimita 28, nami nina kilo 72, kwa hiyo shinikizo la upepo la psi 70 linanitosha kabisa. Jirani yangu alikuwa amezijaza zake hadi zinalia kama ngoma ukizigonga. Tairi iliyojaa kupita kiasi inadundadunda kwenye lami yenye mikwaruzo, na kwenye kona inashika kidogo. Nilimweleza haya yote kwa utulivu wa mtaalamu, mimi ambaye sijawahi kushindana hata na kivuli changu. Kisha nikazunguka dakika 20 kupasha misuli, nikakaza kiungo cha kiti, nikapima breki. Niliporudi zilibaki dakika 25 na namba ilikuwa bado kwenye bahasha.

Nikamwita mgeni mwenzangu. "Ndugu yangu, nibandikie hii upesi." Nikampa mgongo, jezi mwilini, nimesimama wima.

Mwenzangu yule ni mtu wa bidii. Alichoma kama anayeshona gunia la safari ya mbali, na kila pini aliisukuma mpaka aone imeshika kitu. Pini zilishika vitu vingi. Jezi ya baiskeli ina mifuko mitatu kiunoni nyuma, na ndiko namba inakokaa. Chini ya jezi kuna bukta ya kubana yenye pedi ya kukalia na mikanda inayopita mabegani, na kitambaa chake cha nyuma kinapanda hadi katikati ya mgongo. Kwa hiyo tulikuwa na namba, jezi, mfuko na bukta, vyote vimekuwa familia moja.

"Haitoki hiyo," akasema kwa fahari.

Dakika 15 kabla ya kuanza, tumbo likanipigia simu. Ni jambo la kawaida, hofu hulegeza matumbo ya watu wengi kabla ya mbio, ndiyo maana foleni ya choo huwa ndefu kuliko foleni ya usajili. Haja ndogo mwanamume anaweza kuimaliza kwa kushusha bukta mbele. Hii haikuwa ndogo. Kwa hii lazima uvue jezi, ndipo ushushe mikanda.

Nikafungua zipu nikaivuta jezi juu. Bukta nayo ikaja juu, ikanikata mahali ambapo sitapataja. Nikaisukuma bukta chini, jezi ikashuka nayo na kola ikanikaba koo. Nikajaribu kuzifikia pini, lakini ziko mgongoni, mikono yangu ni mifupi, na choo chenyewe kina upana wa kabati. Nje mtu akagonga. "Kaka, umelala?" Nilitoka bila kutimiza nililoendea. Tumbo lilikuwa limenyamaza, nadhani kwa huruma.

Kuchelewa huko kulinitupa mstari wa mwisho, na mkia wa kundi ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwa mgeni. Walioko mbele wanaingia kwenye kona kwa kasi yao, wanapunguza kidogo, wanatoka. Sisi wa nyuma tunasongamana, tunashika breki karibu kusimama, halafu tunakimbia kama wezi kuwafukuza wenzetu waliokwisha kutoka. Kundi linajikunja na kujikunjua kama kinanda cha kuvuta, na kila kona unalipa. Njia ilikuwa mizunguko saba ya kilomita 10, kona nne kila mzunguko. Kabla ya kilomita ya kumi miguu ilikwishaanza kuuliza maswali.

Hata hivyo ningestahimili kama ningeweza kuinama. Nilibandikwa nimesimama, na mgongo wa mtu aliyeinama hurefuka, lakini namba ya plastiki hainyooki. Kila nilipoushika usukani sehemu ya chini, jezi iliivuta bukta na bukta ikanikumbusha choo. Basi nikaendesha nimekaa wima kama tarishi. Kujificha nyuma ya mwenzako kunaweza kukuokolea karibu theluthi ya nguvu, lakini sharti ujikunje ndani ya kivuli chake cha upepo. Mimi kuanzia kifuani kwenda juu nilikuwa naendesha peke yangu.

Mzunguko wa tatu ukafika, wakati wa kula. Kwa mbio zinazokaribia saa mbili, gramu 60 za wanga kwa saa ni kiasi kizuri. Nilikuwa na pakiti tatu za jeli, ule uji mzito wa sukari wa wanamichezo, kila moja gramu 25 za wanga, mfuko wa kati. Ni vizuri kuanza mapema, maana akiba ya sukari mwilini huisha kimyakimya, na ukisubiri njaa ikuambie umechelewa.

Nikapeleka mkono nyuma. Mfuko haukuwa na mdomo. Nikapapasa kushoto, nikapapasa kulia. Jeli nilizisikia kwa vidole, laini, zimelala mle ndani kama watoto waliofungiwa nyumbani. Nikavuta. Bukta ikapanda. Nikavuta kwa hasira, kitu kikalia *tak*, nikadhani ni uzi. Hapo baiskeli ikayumba kulia, na sauti kumi nyuma yangu zikasema neno moja lisiloandikika. Walikuwa na haki. Gurudumu lako la mbele likigusa la nyuma la mwenzako, yeye mara nyingi anaendelea na safari. Unayelala chini ni wewe na wote wanaokufuata. Mwaka 2004 Mjerumani Erik Zabel aliachia usukani karibu na mstari wa mwisho wa Milano–Sanremo, mbio kubwa za Italia, ili ashangilie, Mhispania Óscar Freire akampita na kushinda. Zabel angalau alikuwa anasherehekea. Mimi nilikuwa naibia mfuko wangu mwenyewe.

Nikabaki na maji matupu. Mzunguko wa tano, kwenye kilima kidogo ambacho awali sikukiona kama kilima, mwili ukafunga duka. Miguu haikuuma. Ilikataa tu, kwa adabu. Niliona pengo la mita mbili likiwa tano, tano ikawa ishirini, na kelele za minyororo zikaondoka na watu wake. Nilianza kuwaza mkate. Niliyaona mawe ya kando ya barabara nikayafikiria kama mkate.

Gari la kufagia walioachwa likanifikia. Dereva akaniuliza kama nina chakula. "Ninacho," nikamjibu, "kiko mgongoni." Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akanipa ndizi.

Kule mwisho walitaka namba irudishwe. Mzee akanigeuza, akanyamaza, halafu nikasikia mabega yake yakitikisika.

"Nani alikushona?"

"Mzee, naomba unitoe tu."

Alifanya kazi taratibu, akiweka pini juu ya kofia yangu huku akihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Ya tatu ilikuwa imepita tabaka zote. Mfuko ukafunguka, jeli zikatoka zikiwa na joto la mwili wangu, nikazinywa zote tatu palepale. Nne, tano, sita. Saba.

"Walikupa ngapi?"

"Nane."

Akatazama ardhini, akakung'uta jezi, akaangalia nyuma ya namba. Nikamwambia labda imeanguka njiani, aachane nayo, mimi nimechoka. Nikaichukua baiskeli yangu, nikapandisha mguu, nikaketi kwenye kiti.

Ilikuwa imeanguka, kweli. Ndani ya pedi ya bukta, imefunguka, ncha juu.