Makofi ya Golconda

Jamani, mimi nilikwenda India kumsindikiza mama mkwe kutibiwa goti. Goti lake. Haya ya kwangu nilitoka nayo Dar yakiwa mazima kabisa, hayalii hata kidogo.

Imebaki siku moja turudi, tuko Hyderabad, mama anasema, "Baba, tutaondokaje hatujaona hata kitu kimoja?" Mkwe akisema hivyo utabisha? Nikatoka barabarani kutafuta bajaji. Nasema bajaji, bajaji, dereva ananitumbulia macho. Kumbe wenyewe wanaziita oto! Jina la kiwandani tumelishikilia sisi, wenye kiwanda wala hawana habari nalo. Haya, oto, tupeleke ngome ya Golconda.

Dirisha la tiketi: Mhindi rupia 25, mgeni rupia 300. Nikamweleza yule kijana kwamba mimi nimekulia Kariakoo, chapati na sambusa nimezijua kabla ya a-e-i-o-u, anifikirie. Akanikatia mbili za mia tatu.

Sasa pale langoni pana kuba. Ukipiga kofi chini yake, sauti inasikika kule juu kileleni, karibu kilomita nzima. Walinzi wa zamani ndivyo walivyopashana habari, bila vocha. Mama akafurahi! "Basi baba, mimi na goti langu nakaa hapa. Wewe panda ukanipigie picha. Dereva akirudi napiga makofi matatu, ushuke." Simu tunazo mbili, ila laini ya India moja. Ningesemaje?

Nikapanda. Ngazi za mawe zaidi ya mia tatu, na aliyezichonga hakuwa na rula: moja ya kifundo, inayofuata ya paja. Jua la Aprili limekaa utosini. Bibi mmoja wa makamo ya mama mkwe, na sari yake, pekupeku, akanipita. Akanipita tena akishuka.

Kila pumzi ikikata najifanya nasoma kibao. Nimekuwa msomi siku hiyo! Nimejua kwamba mwaka 1687 jeshi la mfalme Aurangzeb liliizingira ngome hii miezi minane, mizinga juu ya mizinga, ukuta haukutikisika. Mwisho mtu wa ndani akapewa chochote, akafungua mlango usiku. Miezi minane yote hiyo, kumbe ilikuwa ni suala la kumwona mhusika tu. Nikalikumbuka lile dirisha la tiketi, nikajiona mzembe.

Nikafika juu. Upepo safi, Hyderabad yote iko chini yangu, natia mkono mfukoni nitoe simu nipige picha. Pa! Pa! Pa!

Oto hiyo!

Nikashuka mbio, magoti yanagongana kama vifuu. Nafika langoni, mama ametulia kwenye jiwe anakula mapera ya chumvi na pilipili. "He, umeshamaliza? Hebu nione picha."

"Mama, si umepiga makofi?"

"Mimi? Na hii mikono ya pilipili?"

Nyuma yake chini ya kuba mwongoza watalii ana watoto wa shule kama arobaini hivi. Anahesabu, wanapiga. Kundi jingine liko nyuma linangoja zamu.

Mama akanitazama kwa huruma, akanipa pera. "Pole, baba. Pumzika kidogo kwanza. Safari hii nitapiga manne."