Usianze na nozeli, anza na tangi

Mtu akiamua kufunga mfumo wa kunyunyizia maji kwenye injini ya turbo (ile yenye feni ya kuisukumia hewa zaidi), pesa na mawazo yote huenda kwenye pampu na nozeli, yaani mdomo mdogo unaonyunyizia. Tangi huachwa mwisho. Siku ya kufunga ndipo fundi anaulizwa, "Sasa maji tunaweka wapi?" Anayeulizwa anatazama chini ya boneti, anaona chupa ya waipa, kazi imeisha. Naona hapo ndipo injini nyingi zinaanza kufa, na inaniuma kwa sababu tangi ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo huu.

Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke hubeba joto la takriban kilojuli 2,257; petroli hubeba kama 350 tu. Ndiyo maana maji kidogo yanapoza hewa na chumba cha mwako, na injini inaacha kugonga, yaani mafuta kujilipukia yenyewe ndani ya silinda. Subaru na magari mengine ya turbo tunayoyapokea kutoka Japani yalipangwa kwa petroli ya okteni (uwezo wa kuhimili kugonga) 98 hadi 100, na hapa kwetu tunayatilia ya chini ya hapo. Mwenye gari akishaona injini imetulia, anapeleka kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, ipangwe upya, presha ya turbo inapandishwa, cheche inasogezwa mbele iwake mapema zaidi. Kuanzia siku hiyo maji yamekuwa sehemu ya mafuta ya gari lile. Yakikatika sekunde tatu ukiwa umekanyaga hadi mwisho, injini inagonga kwa nguvu, na pistoni hupasuka pale kwenye mifereji ya ringi.

General Motors waliligundua hilo zamani. Mwaka 1962 walitoa Oldsmobile Jetfire, gari la injini ya silinda nane (V8) ya lita 3.5 yenye turbo na tangi la maji yaliyochanganywa na methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu. Waliweka hata mfumo wa kuzuia nguvu ya turbo tangi likikauka. Wenye magari hawakuwa wakijaza. Gari liliondolewa sokoni 1963, na baadaye kampuni ikajitolea kuwang'olea wateja turbo na kuwafungia kabureta ya kawaida. Kilichoshinda gari lile kwa sehemu kubwa ni tangi tupu.

Tuanze na ukubwa, maana watu hukisia. Injini ya farasi 250 ikivuta kwa nguvu zote hunywa karibu lita 1.4 za petroli kwa dakika. Maji yanatakiwa kuwa asilimia 10 hadi 20 ya hiyo. Chukua 15, unapata kama mililita 210 kwa dakika. Tangi la lita 5 basi linakupa dakika 23 za kukanyaga hadi mwisho bila kuachia. Mjini hizo dakika 23 zinaweza kuchukua wiki mbili. Lakini ukipanda mlima wa Kitonga, au ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mai Mahiu, turbo inafanya kazi dakika kadhaa mfululizo, na chupa ya waipa yenye lita 2 inaisha kabla hujamaliza safari. Kwa gari la barabarani nashauri lita 4 hadi 6. Tangi la lita 15 ni kilo 15 za maji yanayorukaruka, bado mabano ya kulishika, na maji yenyewe yatakaa humo hadi yaote utelezi.

Kuliko ukubwa, umbo ndilo linalosahaulika kabisa. Gari likiongeza mwendo kwa nusu ya nguvu ya mvutano wa dunia, uso wa maji ndani ya tangi unainama kama digrii 27. Tangi lenye urefu wa sentimita 30 kutoka mbele kwenda nyuma litakuwa na tofauti ya sentimita 15 kati ya ukuta wa mbele na wa nyuma. Kama maji yalikuwa na kina cha sentimita 7, upande wa mbele umebaki mkavu. Chupa nyingi za waipa hazikutengenezwa kwa hali hiyo: ziliwekewa tundu lake popote lilipopatikana nafasi, na kioo kikikosa maji nusu sekunde hakuna anayejali. Injini inajali. Tafuta tangi refu kwenda juu na jembamba, na tundu la kutolea maji liwe chini kabisa upande wa nyuma, kwa kuwa gari linapochomoka ndipo turbo inafanya kazi, na maji hukimbilia nyuma. Likiwa na kibonde kidogo pale chini, hata cha nusu lita, ni bora zaidi. Wapo wanaojaza sponji la matangi ya mafuta ya magari ya mashindano ili maji yasicheze. Kwa methanoli usithubutu, linachakaa na makombo yake yanakwenda kuziba chujio.

Kuhusu malighafi, geuza tangi utazame kitako chake. Pembetatu yenye namba 2 na herufi HDPE, aina ya plastiki ngumu, ndiyo ninayoipenda. Namba 5, yaani polipropilini, nayo inafaa. Chuma cha pua ni kizuri kama una fundi wa kukichomea. Alumini tupu inapendeza machoni lakini methanoli na maji vinaila, inatoa ute mweupe unaoganda kwenye chujio. Plastiki zile angavu kama kioo hupasuka zikikutana na methanoli. Dumu la mafuta ya kula ni HDPE kweli, ila ukuta wake ni mwembamba mno. Barabara ya vumbi yenye makorongo itachana kona yake ndani ya miezi michache. Dumu nene la kemikali, au tangi la bomba la mgongoni la kunyunyizia dawa shambani, ni chaguo la heshima likioshwa sawasawa. Liwe jeusi au ulipake rangi, ukiacha ufito mwembamba wa kuonea kiasi cha maji. Mwanga wa jua huotesha ukijani.

Sasa mahali pa kuliweka. Wengi hukimbilia buti, na najua watanitajia BMW M4 GTS ya 2016 iliyokuwa na tangi la lita 5 huko huko nyuma, au zile Impreza STI zilizotoka kiwandani na tangi la kupulizia intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo. Ya STI tuiweke kando: pampu yake ni ya presha ndogo, haifiki hata karibu na presha ya baa 7 inayotakiwa kwenye mfumo wetu, na maji yake yalikuwa yanamwagwa nje ya intakula, hayaingii kwenye injini. Ya BMW ilibuniwa ili injini ikizimwa maji yarudi yote kwenye tangi. Mfumo tunaoufunga gereji hauna akili hiyo. Mpira wa mita 4 wenye tundu la milimita 4 unabeba mililita 50. Ukiwa mtupu, maji yanachelewa sekunde kadhaa, na sekunde hizo ndizo zenye hatari. Tena tangi la buti likikaa juu kuliko nozeli, maji yanateremka yenyewe gari likiwa limeegeshwa. Silinda ya cc 500 yenye mgandamizo wa 8 kwa 1 ina nafasi ya cc 71 tu pistoni ikiwa juu. Maji yakizidi hapo asubuhi unapowasha, konrodi, yaani mkono wa pistoni, linapinda.

Kwa hiyo msimamo wangu ni tangi la mbele, nyuma ya bampa au ndani ya madigadi, upande ulio mbali na turbo. Kwenye Subaru za injini ya EJ turbo iko nyuma kulia, basi tafuta nafasi kushoto mbele. HDPE huanza kulegea kwenye joto la digrii 80 na kuendelea, hivyo acha angalau sentimita 15 kutoka kwenye chochote cha ekzosi. Pampu ikae chini ya kitako cha tangi, maji yaifuate kwa uzito wake. Pampu hizi za diaframu huweza kuvuta kutoka chini, ndiyo, lakini zinavuta na hewa, na hewa ndiyo tunayoikimbia. Mpira wa kutoka tangini kwenda pampu uwe mfupi, tundu la milimita 10, usio na kona kali. Ukilazimika kuweka tangi buti, au tangi lolote lililo juu ya nozeli, au nozeli iliyo baada ya kipepeo cha hewa ambako injini hufyonza ikiunguruma bila kukanyagwa, funga solenoidi, yaani valvu ya umeme, karibu na nozeli ifunge kabisa pampu inapozima. Valvu ya njia moja peke yake haitoshi.

Kutoboa tangi ni kazi ya nusu saa ikifanywa kwa utulivu. Nenda duka la vifaa vya mabomba, ununue konekta ya tangi ya nusu inchi, ile ile wanayofungia matangi ya maji ya nyumbani, ya plastiki au chuma cha pua. Nyuzi zake zina kipenyo cha milimita 21, basi toboa tundu la 21 au 22, na litoboe mahali palipo bapa tu. Penye mkunjo gasketi haitalala. Tumia msumeno wa duara kwa mwendo wa polepole, halafu parua kingo kwa kisu hadi kidole kikipita kisikwaruzwe. Mdomo wa tangi usipopitisha mkono, pitisha uzi kutoka kwenye tundu hadi mdomoni, funga konekta, ivute itoke nje. Gasketi ya mpira ndiyo inayoziba. Kwa methanoli iwe ya mpira aina ya EPDM. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko kwa spana. Usiweke silikoni wala gundi, havishiki vizuri kwenye HDPE. Na tepu nyeupe ya mafundi bomba isikaribie kabisa nyuzi za upande wa maji: vipande vyake hukatika, na tundu la nozeli ni chini ya nusu milimita. Kati ya tangi na pampu weka chujio la wavu wa chuma linalofunguka na kuoshwa. Chujio la petroli la karatasi litavimba.

Tangi lazima lipumue. Mfuniko ukiziba kabisa, pampu inavuta, tangi linajikunja tumbo ndani kama chupa ya maji iliyonyonywa, na mtiririko unapungua polepole bila taa yoyote kuwaka. Toa mpira mdogo juu ya tangi, upandishe, uukunje kuelekea chini, na uwekee kichujio mwishoni kuzuia vumbi. Kama unatumia methanoli mpira huo utokee nje ya gari, kamwe usiishie ndani ya buti.

Na hapa niseme wazi: kwa gari la barabarani huku kwetu, tumia maji matupu. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu bado unashika moto, na moto wa methanoli karibu hauonekani mchana. Ni sumu inayopita hata kwenye ngozi. Nchi zetu zimeshazika watu wengi kwa pombe iliyotiwa methanoli, na sitaki mtoto akute chupa ya soda imejazwa kitu hicho gereji. Maji yenyewe yawe yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri, lakini soma lebo mara mbili, kwa kuwa asidi ya betri nayo huuzwa kwenye chupa za aina hiyo hiyo, rafu hiyo hiyo. Maji ya kisima ya pwani usiyaguse. Ule ukoko mweupe ulioko ndani ya birika lako la chai ndio utakaoota kwenye nozeli. Sabuni ya waipa pia hapana, povu lake ni hewa.

Boya la kupima kiasi lifungwe pale panapobaki lita moja. Wengi huliunganisha na taa kisha wanaishia hapo, na dereva aliyekanyaga hatazami taa. Liunganishe kupitia relei (swichi inayoendeshwa na umeme) na umeme wa solenoidi inayodhibiti presha ya turbo, kwa namna kwamba maji yakiwepo umeme unapita. Maji yakipungua, au waya ukikatika, solenoidi inakosa umeme na turbo inarudi kwenye presha ya springi yake. Taa ya injini itawaka, na iwake. Weka relei yenye kuchelewa sekunde 2 ili mawimbi ya kwenye kona yasikukatie nguvu bure. Boya halijui kama nozeli imeziba, kwa hiyo mwenye uwezo aongeze kihisi cha mtiririko.

Mabano yafunike kwa vipande vya tyubu kuukuu, bolti za milimita 6 zenye nati za kujifunga, na washa (pete bapa za chuma) pana kila upande wa plastiki. Kisha pima. Chomoa nozeli, iingize kwenye kikombe cha vipimo, washa pampu sekunde 60, andika. Rudia tangi likiwa na lita moja tu. Rudia tena mfuniko ukiwa umekazwa: namba ikishuka, tundu la kupumulia limeziba. Kumbuka kikombeni hakuna presha ya turbo ya kupingana nayo. Pampu ya baa 7 ikisukuma dhidi ya baa 1 ya turbo, mtiririko halisi unapungua kama asilimia 7. Zoezi hilo lirudiwe kila baada ya miezi mitatu, na siku hiyo hiyo tangi limwagwe lote, lisuuzwe, na chujio lifunguliwe. Mdomo wa kujazia uwe mahali unapofikika ukiwa umesimama kituo cha mafuta, bila kulala chini wala kufungua bampa, ili maji yajazwe kila petroli inapojazwa.