Mgongo Unapouma: Mkono Kwanza au Picha Kwanza?

Si ajabu jijini Nairobi mgonjwa wa mgongo kutoka kliniki na karatasi ya kwenda kupigwa picha ya eksirei au MRI, ilhali mgongo wenyewe haujaguswa.

Wanaotetea picha wana hoja nzito. Foleni ni ndefu na daktari hana muda. Tena kifua kikuu bado kipo nchini, na hakiishii mapafuni: huingia kwenye pingili za uti wa mgongo, kikazila polepole, na mgonjwa akichelewa anaweza kupooza miguu. Mchukuzi wa Gikomba aliyezoea kubeba mabelo ya mitumba atadhani ni uchovu wa kazi, na daktari naye akaamini hivyo hivyo. Picha ya mapema ingemwokoa.

Ila picha huonyesha mengi yasiyouma, na hilo wagonjwa hawaambiwi vya kutosha. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yaliangalia watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Diski (mito laini iliyo kati ya pingili) zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Mtu akishaambiwa diski zake zimeisha, huogopa kuinama, huogopa hata kumbeba mtoto, na mwili unazidi kukakamaa.

Mkono ndio unaoweza kupima kama kinachoonekana ndicho kinachouma. Mgonjwa hulazwa chali, mguu ukainuliwa taratibu bila goti kukunjwa. Maumivu yakichoma kutoka kiunoni, yakapita goti kuelekea unyayoni, neva inashukiwa kubanwa. Akihisi kuvutwa nyuma ya paja tu, huenda ni misuli iliyokaza. Kisha hupimwa nguvu za kidole gumba cha mguu, na ganzi iko wapi. Ni kazi ya dakika chache. (Na nguo zivuliwe, jamani, mgongo haupimwi juu ya koti.) Hata hivyo kipimo hicho pekee hakitoshi, kwani wengi wanaoumia mguu ukiinuliwa hawana diski iliyotokeza.

Kwa kifundo cha mguu mambo ni mepesi zaidi. Kanuni za Ottawa, zilizotoka Kanada mwaka 1992, zinasema mtu mzima aliyeteguka akiweza kutembea hatua nne, na mfupa usiume ukibonyezwa sehemu zinazotajwa na kanuni hizo, eksirei ya kifundo haihitajiki. Abiria wa boda boda aliyeanguka angebakiwa na pesa zake mfukoni.

Kwangu mimi, mkono utangulie, na karatasi ya picha iandikwe kinachotafutwa. Mgonjwa naye aulize: daktari, unatafuta nini? Mwenye homa ya jioni na anayekonda bila sababu apigwe picha bila mabishano. Aliyeanza kushindwa kuzuia mkojo, au mwenye ganzi katikati ya mapaja, asipewe miadi ya wiki ijayo. Apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo.