Kadi ya Grafiki kwa Kompyuta Kongwe: Anza na Umeme, Gemu Baadaye

Swali ambalo wenye kompyuta kongwe za mezani huanza nalo, yaani ni kadi ipi ya grafiki (kipande kinachotengeneza picha za skrini) iliyo na nguvu zaidi kwa pesa walizo nazo, kwa maoni yangu ndilo linalofaa kuulizwa mwisho. Aliyejiundia kompyuta yake kipande kwa kipande ana uhuru wa kuchagua. Sisi wenye Dell OptiPlex na HP Compaq zilizomaliza utumishi wao katika ofisi za Ulaya, kisha zikaishia kwenye maduka ya Moi Avenue au Kariakoo, mengi yalikwisha kuamuliwa kiwandani, na kazi iliyobaki ni kuufahamu uamuzi huo kabla ya kutoa pesa mfukoni.

Tuchukue mfano wa OptiPlex 7010 iliyotoka mwaka 2012, ambayo bado imejaa sokoni. Jina ni moja, lakini makasha yake yanatofautiana: lile la mnara lina pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme) ya wati 275, la kulala lina wati 250, na lile dogo linaloitwa SFF lina wati 240. Kasha la SFF hupokea kadi fupi pekee, zenye bati la kufungia la kama sentimita 8, na kadi nyingi za mtumba huuzwa zikiwa na bati refu tu kwa sababu lile fupi lilipotea kwa mwenyewe wa kwanza. Kuna pia suala la unene. Katika baadhi ya makasha madogo sloti ndefu, yaani tundu la kuchomekea kadi, imekaa ubavuni mwa pawasaplai, na kadi yenye feni nene inayochukua nafasi ya sloti mbili haiingii hata ukiisukuma vipi. Kwa hiyo fungua kifuniko, pima kwa rula, kisha usome kibandiko cha pawasaplai, hasa mstari wa volti 12, kwa kuwa huko ndiko kadi inakopata karibu umeme wake wote.

Sloti hiyo ndefu, ya aina iitwayo PCIe, imepangiwa kutoa wati 75 na si zaidi. Prosesa ya Core i5-3470, mfano wa zile za 7010, imekadiriwa wati 77, hivyo ukijumlisha hizo mbili na kuacha za diski, RAM na feni, hata pawasaplai ya wati 240 inamudu bila kuhangaika. Kadi inayohitaji waya wake wa ziada ni habari nyingine, kwa kuwa mashine hizi kwa kawaida hazina plagi hiyo. Mafundi wengi watakupa kiunganishi kinachochota umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya diski, na hapo ndipo ninapokataa kabisa: plagi ya SATA inaruhusiwa kubeba takriban wati 54 kwenye volti 12, ilhali plagi ya pini 6 ya kadi inaweza kudai 75. Plastiki inayoyeyuka ndani ya kasha lililofungwa si jambo la kujaribia nyumbani.

Kwa masharti hayo, chaguo langu kwa 7010 ni GTX 1650 ya NVIDIA yenye GB 4, iliyotoka mwaka 2019, mradi uhakikishe ni lile toleo lisilo na plagi ya ziada, maana yapo yote mawili. Wapo watakaokuelekeza kwa RX 6400 ya AMD kwa kuwa ni mpya zaidi, ni nyembamba na hutumia wati 53 tu. Sifa hizo ni za kweli, lakini kadi hiyo ina njia 4 pekee za kupitishia data na ilikusudiwa toleo la PCIe 4.0, ukiiweka kwenye PCIe 3.0 ya 7010 upana wake wa kupitisha data hupungua kwa nusu, na ukiwa na prosesa ya Intel ya kizazi cha pili, ambayo 7010 huipokea pia, unashuka hadi PCIe 2.0 na kubakiwa na robo. Isitoshe, haina sehemu ya kusimba video (kuibana iwe faili), kwa hiyo anayerekodi masomo au kuhariri video za harusi ataiachia prosesa mzigo wote. Arc A380 ya Intel ningeiepuka moja kwa moja, kwa sababu hutegemea kipengele cha Resizable BAR, kinachoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja, ambacho 7010 haikutoka nacho kiwandani. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka mwaka 2024 na kutumia wati 70, ni kadi nzuri, ila i5 ya mwaka 2012 itakuwa ikiichelewesha katika gemu nyingi, na pesa ya ziada utakuwa umeilipia nguvu usiyoifikia.

GT 1030, kadi nyingine ya NVIDIA, nayo inauzwa kwa sura mbili chini ya jina moja. Ile ya mwaka 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5, nayo iliyofuata mwaka 2018 ina DDR4 inayopitisha data karibu theluthi moja tu ya ile ya kwanza. Sijaona kisingizio cha kuridhisha cha kuziacha zote mbili na jina lile lile.

Hatari kubwa kuliko zote sokoni ni kadi bandia. Zipo kadi za NVIDIA za kizazi cha zamani cha Fermi, kama GTS 450 na GTX 550 Ti, zilizobadilishwa BIOS (programu ya ndani ya kadi) ili zijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti, na Windows huamini jina hilo bila kuuliza. Dalili ya haraka ni tundu la VGA, lile la waya wa monita za zamani. Familia ya GTX 10 haitoi tena mawimbi ya analogi, hivyo "1050 Ti" yenye tundu hilo ni ya kutiliwa shaka papo hapo, hata kama muuzaji anakusifia kwamba "hii hata monita yako ya zamani itaingia." Monita ya VGA huhitaji kigeuzi chenye saketi ya kugeuza mawimbi, na gharama yake iingizwe kwenye hesabu mapema. Kabla ya kulipa, omba kadi iwashwe dukani na programu ya GPU-Z, inayosoma taarifa za kadi, ifunguliwe. Tangu mwaka 2018 programu hiyo huzitambua nyingi za kadi hizo na kuandika wazi kuwa ni bandia.

Hata 1050 Ti halali imeanza kuzeeka kwa namna nyingine. NVIDIA ilitangaza kwamba draiva (programu za kuiendesha kadi) za kawaida za gemu kwa kizazi chake zingekoma Oktoba 2025, na baada ya hapo yangebaki masasisho ya usalama kila robo mwaka hadi Oktoba 2028, wakati 1650 haimo katika orodha hiyo. Mimi ningeichukua 1050 Ti iwapo tu tofauti ya bei inatosha kuitoa mashine kwenye RAM ya GB 4 na kuifikisha 16. Tofauti ikiwa chini ya hapo, ningemwachia mwenye duka kadi yake.