Mke wa bilionea hana jina

Februari 2024, katika muda wa wiki mbili tu, wanawake wawili waliachiwa huru kwenye kesi za mauaji, mmoja Nairobi, mwingine Dar es Salaam. Wa Nairobi ni Jacque Maribe, aliyekuwa mtangazaji wa televisheni. Wa Dar mnamjua vizuri, ila sijui kama mnalijua jina lake. Ni "mke wa bilionea Msuya". Mhariri akitaka kumwonea huruma kidogo, "mjane wa bilionea".

Kesho yake baada ya wa Dar kuachiwa, Jumamosi, nilisimama kwenye meza ya magazeti pale Mwenge. Ndipo tunapojazana asubuhi kusoma vichwa vya habari bila kununua, mikono mgongoni kama wakaguzi, muuzaji akitutazama kwa jicho la "mtanunua lini". Kijana mmoja akasema, "Mke wa bilionea katoka." Mzee kando yake akashtuka: "Kumbe bado alikuwa ndani?" Nikawauliza anaitwa nani. Wakanitazama kama nimewatega. "Si mke wa Msuya huyo!"

Ndiyo, bado alikuwa ndani. Alikamatwa mwaka 2016 baada ya wifi yake kuuawa Kibada, Kigamboni, na kwa kuwa kosa la mauaji kwetu halina dhamana, akasota mahabusu zaidi ya miaka saba mpaka Mahakama Kuu ilipowaona yeye na mwenzake hawana hatia. Mume anayetajwa, mfanyabiashara wa tanzanite, alipigwa risasi wilayani Hai mwaka 2013. Yaani mtu aliyezikwa miaka mitatu kabla ya kesi kufunguliwa ndiye aliyekuwa kitambulisho cha mshtakiwa hadi siku ya hukumu. Na hilo neno "bilionea" limefanya kazi yake kimyakimya. Hakuna anayemwambia msomaji kwamba mama huyu alitaka mali, lakini kila akisoma jina hilo la kupachikwa anaiona mali. (Jina lake na mimi silitaji, kwa sababu nyingine kabisa: ameachiwa, aachwe aishi.)

Siandiki haya kama msafi. Niliwahi kuwa mwandishi wa mkoani, wale wanaolipwa kwa habari iliyotoka, isiyotoka ni sadaka. Mwaka wangu wa pili nilituma habari ya mama mmoja aliyefikishwa mahakamani akidaiwa kumchoma kisu mumewe. Nilimwona kizimbani: mama wa miaka arobaini na kitu, mpika vitumbua, kanga moja kaifunga kichwani, miguuni kavaa malapa yasiyofanana, moja la bluu, moja jekundu, kama mtu aliyetolewa nyumbani usiku. Jioni mhariri akanipigia simu. "Huyo mwanamke ni mrembo?" Nikamjibu ni mtu mzima tu, mama wa watoto. Akanyamaza kidogo. "Umri wake hukuuandika. Basi sawa." Asubuhi kichwa cha habari kikasema mrembo adaiwa kumuua mumewe. Nilicheka. Ilikuwa ukurasa wa mbele, na ukurasa wa mbele ulikuwa na malipo yake.

Kwenye magazeti yetu urembo wa mwanamke ni kielelezo namba moja cha upande wa mashtaka. Akiwa mzuri, basi uzuri ulikuwa mtego. Asipokuwa mzuri, tunampa uzuri, kama tulivyompa yule mama. Kenya walipata kisa kilichowafaa kuliko vyote: Ruth Kamande, aliyekuwa akishtakiwa kwa kumuua mpenzi wake mwaka 2015, alitawazwa mlimbwende wa gereza la Lang'ata mwaka uliofuata akiwa bado mahabusu. Alipohukumiwa kunyongwa Julai 2018, picha iliyozunguka ilikuwa ile ya taji. Rufaa yake ilifika hadi Mahakama ya Juu, ikatupwa Aprili 2025, na humo ndani mlikuwa na hoja nzito ya kisheria kuhusu mwanamke anayeteswa na mwenzi wake: hali hiyo ipimwe vipi anapodai alikuwa akijitetea? Hoja ya kujaza ukurasa mzima, ukikubaliana nayo au usikubaliane nayo. Mitandaoni wamebaki na taji. Na kijana aliyekufa kwa majeraha ya kisu? Juzi niliwauliza wenzangu wawili wa kazi jina lake. Hakuna aliyelijua, na mmoja wao aliiandika habari hiyo.

Halafu kuna "wivu wa mapenzi". Ukisikiliza taarifa ya habari Tanzania unaijua sentensi hii hata usingizini: Kamanda wa Polisi wa mkoa amesema chanzo cha tukio ni wivu wa mapenzi. Mwanamume kamkata mkewe mapanga, wivu wa mapenzi. Kamchoma moto ndani ya nyumba, wivu wa mapenzi. Ni kama homa, imempanda, haikuwa yeye. Nimeiandika mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sikumbuki hata siku moja kumuuliza kamanda: huyu marehemu aliwahi kufika kituoni kulalamika? Kwa balozi wa nyumba kumi je? Mapenzi gani hayo tunayoyapa heshima ya kutajwa kwenye kifo cha mtu? Mshtakiwa akiwa mwanamke sentensi haibadiliki sana, ila huongezewa pilipili: "bila huruma", "kwa ukatili wa kutisha". Kana kwamba panga la mume lilikuwa na huruma ndani yake.

Kesi ambayo mpaka leo sijaimaliza kichwani ni ya Lulu. Jina lake halisi ni Elizabeth Michael, mwigizaji tuliyemjua kwenye runinga tangu akiwa mtoto. Usiku wa kuamkia Aprili 7, 2012, mwigizaji nyota Steven Kanumba alianguka chumbani kwake Sinza akafa, na Lulu ndiye aliyekuwa naye. Nchi ililia kweli, mimi nililia. Leaders Club, alikoagwa, ilifurika watu hadi wengine wakazimia. Kabla marehemu hajazikwa Kinondoni, mtaani hukumu ilikuwa imeshatoka.

Hati ya mashtaka ilianza na mauaji, umri miaka 18. Mawakili wakasema hapana, ana 17, wakahangaika na suala hilo la umri kutoka mahakama ya Kisutu hadi Mahakama Kuu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kanumba alikuwa na miaka 28. Habari ilikuwa hapo, haihitaji kuchimbwa: mtu mzima, binti, chumba, usiku wa manane, ugomvi. Lakini nani angethubutu kumuuliza swali kipenzi cha watu, tena akiwa jenezani? Magazeti ya udaku yakaenda kumuuliza binti. Yakafukua picha za kumbi za starehe, yakahesabu nguo, yakapima urefu wa sketi. Mtoto aliyeruhusiwa kuingia ukumbini akageuka kuwa ushahidi dhidi yake mwenyewe, na aliyemfungulia mlango hakuonekana kwenye picha.

Mwaka 2017, alipojitetea, Lulu aliieleza mahakama kwamba usiku ule alikuwa akipigwa, kwa ubapa wa panga, akakimbilia bafuni. Ni maneno yaliyosemwa chini ya kiapo. Jaji aliyapima pamoja na mengine, akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akampa miaka miwili. Mei 2018 akatolewa kumalizia kifungo cha nje. Sibishani na jaji. Ninachosema ni kwamba kwa miaka mitano wasomaji wetu walilishwa mavazi yake, na panga wakalisikia mwishoni kabisa, wakati kila mtu alikuwa ameshachagua upande.

Kesi ya Maribe ilikuwa hivyo hivyo, tofauti ni ubora wa kamera. Aliyeuawa Kilimani Septemba 2018 alikuwa Monica Kimani. Joseph Irungu, mchumba wa Maribe wakati huo, ambaye kila mtu anamwita Jowie, alitiwa hatiani Februari 2024 na kuhukumiwa kifo Machi. Lakini ukiitaja kesi hiyo kijiweni utasikia "ile ya Maribe". Ya aliyeachiwa. Miaka mitano na ushei tulionyeshwa nywele zake, miwani yake, machozi yake kizimbani, na jaji alipokuja kumwachia alisema wazi kwamba shtaka la mauaji halikumstahili. Kama kulikuwa na kosa basi lilikuwa la kuwapa polisi taarifa za uongo. Monica naye, kabla hajazikwa, alichunguzwa: fedha kapata wapi, Juba alifuata nini, nani alimlipia nyumba. Marehemu wa kike kwetu huanza kwa kujitetea. Januari ya mwaka huo huo wa 2024, baada ya wasichana kuuawa kwenye nyumba za kupanga za siku chache, wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine ya Kenya, na bado kuna waliouliza walifuata nini huko.

Najua nitakachoambiwa, kwa sababu nilikisema mwenyewe nilipokuwa kazini: mwanamke anayeua ni habari kwa kuwa si kawaida, na kichwa cha habari lazima kivute. Kivute, sikatai. "Mpika vitumbua ashtakiwa kumuua mumewe" hakivuti? Kinavuta, tena kina ukweli. Wala sitetei muuaji, awe amevaa suruali au baibui; aliyeua ajibu. Tatizo langu ni kwamba nikimwita mtu mrembo, au mke wa fulani, sijamweleza msomaji chochote alichofanya. Nimempa sura tu, na sura hiyo itafika nyumbani kwake kabla ya jaji.

Au haitafika. Kesi ya yule mama ilipotajwa tena baada ya siku kumi na nne, mdogo wake wa kike alinifuata nje ya mahakama. Alikuwa na ukurasa wa gazeti letu, kaukunja mara nne ndani ya pindo la kanga. Akaufungua taratibu, akaweka kidole juu ya neno.

"Kaka, samahani. Huyu mrembo ni nani? Maana sisi nyumbani tunabishana. Wengine wanasema shemeji alikuwa na mwanamke mwingine, na ndiye aliyemuua, sasa kwa nini wanamshikilia dada?"